Mizinga Niliyoiosha kwa Sabuni

Juma lililopita kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Kasongo alikuja nyumbani na sanduku la nyuki kichwani. Akalitua barazani, akafuta jasho kwa mkono wa shati, akaniuliza swali ambalo watu huniuliza kuliko yote: kwa nini nyuki wake walikaa siku sita tu, kisha wakaondoka bila kubaki hata mmoja? Kabla sijamjibu nilifungua kifuniko. Mbao zilikuwa nyeupe, zimesuguliwa mpaka nyuzi zake zimesimama, na harufu ikanijaa puani: sabuni ya kipande, ile ya manjano, ambayo wengi wetu tulioshwa nayo kuanzia nguo hadi nywele.

“Uliliosha?” nikamuuliza.

“Muzuri kabisa, yaya,” akasema kwa furaha, akiniita dada mkubwa. “Mara mbili. Na brosi.”

Nilipaswa kumweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wengine. Badala yake nilimfokea. Nilimfokea mtu mzima aliyekuja kwangu kwa adabu, nikamwambia ameharibu, nikamuuliza nani alimtuma kuosha, mpaka mama yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kuna nini. Kijana alichukua sanduku lake akaondoka bila kuaga. Nilibaki nimesimama, huku nikijua wazi kwamba yule niliyekuwa nikimfokea hakuwa yeye. Ni msichana wa miaka tisa au kumi, mwenye brosi.

Niseme mapema kwamba mambo ya nyuki sikufundishwa na mtu. Niliyoyajua niliyajua kwa kuumwa, kwa kusoma hapa na pale, kwa kutazama video nusu nusu kwenye simu mpaka megabaiti zikaisha, na kwa kuandika kila kitu kwenye daftari: mvua ilinyesha saa ngapi, mti gani umetoa maua, nyuki waliingia na nini miguuni. Nikikosea neno nalifuta. Nikilifuta vibaya naanza ukurasa upya. Najua si tabia nzuri. Nimekuwa nayo tangu utoto, na tabia hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye mizinga ya baba.

Wakati huo tulikuwa tunakaa kijijini, kwenye barabara inayotoka Kasongo kwenda Kabambare. Papa alikuwa na mizinga minne nyuma ya nyumba, pale shamba la muhogo lilipoanzia. Ilikuwa ya magogo yaliyotobolewa, na kila upande umezibwa kwa kipande cha ubao cha mviringo. Watu wengine walitundika mizinga yao juu ya miti, lakini Papa aliwahi kuanguka mtini kabla sijazaliwa na goti lake moja halikukunjika vizuri tena. Kwa hiyo aliilaza mizinga yake juu ya nguzo za panda, na kila nguzo aliisimamisha ndani ya kopo lenye mafuta machafu, ili siafu wasipande. Mizinga mitatu ilikuwa na nyuki. Wa nne ulikuwa mtupu, ukingoja kundi lipite.

Nilipenda kubandika sikio langu kwenye gogo. Ndani mlikuwa na mvumo wa chini, mzito, kama watu wengi wanaosali pamoja bila kufungua midomo. Gogo lilikuwa na joto hata asubuhi ya baridi. Papa hakunikataza. Aliniambia tu nisisimame mbele ya mlango wao, kwa maana nyuki anayerudi na mzigo hapendi kuzunguka mtu.

Kisha dhahabu ikamchukua, kama ilivyowachukua baba za wengi wenu mnaosoma haya. Kila juma pikipiki moja iliondoka kijijini na mtu nyuma yake kwenda Salamabila, kwenye migodi. Papa na goti lake asingeweza kushuka shimoni, lakini kule kulikuwa pia na kazi ya kutwanga mawe, na hiyo hufanywa mtu akiwa ameketi. Alikwenda mara ya kwanza, akakaa miezi, akarudi amekonda na kikohozi, akapumzika kidogo, akaanza kutengeneza begi lake tena.

Siku moja mchana nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko na chungu cha maji kichwani, nikasikia wanazungumza. Mama alikuwa anamenya muhogo. Papa alikuwa anashona mkanda wa begi.

“Safari hii utakaa kule mpaka lini?” Mama akauliza.

“Mama Feza, usianze.”

“Sianzi. Nauliza. Hata mbuzi wanauliza mwenyewe eko wapi.”

Papa alicheka, kisha akasema maneno ambayo niliyashika kama mtu anayeshika kitu cha moto na hana pa kukiweka. “Siku ile mizinga yote mine itajaa nyuki, sitarudia kule tena. Nitakaa hapa na asali yangu. Kweli, Mama Feza. Nitakaa.”

Nilisikia kisu cha Mama tu kikiendelea na muhogo. Mimi nilihesabu kichwani: mitatu imejaa, mmoja mtupu. Umebaki mmoja! Sikuelewa kwa nini Mama hakushangilia.

Asubuhi ya kuondoka Papa aliniita nyuma ya nyumba. “Feza, kuja. Njo wewe utabaki na hii.” Akanionyesha kazi tatu. Makopo yawe na mafuta siku zote, na baada ya mvua nimwage maji yaliyoingia. Majani yakatwe, hata unyasi mmoja usiguse mzinga, maana siafu hugeuza unyasi kuwa daraja. Na mtu asifungue mizinga mpaka arudi. Pikipiki ilikuwa inanguruma barabarani na dereva anapiga honi. Papa akaharakisha, akaniambia akiwa tayari amenipa mgongo: “Nyuki hazipendi pachafu. Ukiacha pachafu, zitahama.”

Alimaanisha majani, utando wa buibui na nondo wanaotaga kwenye masega ya zamani. Sasa najua. Lakini aliyesikia alikuwa mtoto aliyekuwa akifuta neno kwenye daftari mpaka karatasi inatoboka, kisha analia kwa sababu ya tundu. Mtoto aliyeosha miguu mara mbili kabla ya kulala. Nilielewa kwamba Papa amenipa mtihani, na kwamba mtihani wenyewe ni usafi, jambo ambalo hakuna aliyenishinda.

Nilianza na makopo. Nikayatoa moja moja, nikayasugua kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa kama ya dukani, na kwa kuwa mafuta ya zamani yalikuwa meusi, yenye wadudu waliokufa ndani, niliyamwaga yote. Nikajaza mafuta ya mawese kutoka kwenye chupa ya Mama, mekundu, mapya, yanayonukia. Siku ya pili Mama akatafuta mafuta ya kupikia sombe, yale majani ya muhogo.

“Feza! Mafuta yangu iko wapi?”

“Ku nyuki, Mama.”

“Nyuki zinakula sombe siku hizi?”

Nilichapwa, lakini nilichapwa nikiwa na fahari, kama mtu anayeteseka kwa ajili ya kazi.

Halafu nikaingia kwenye mzinga wa nne, ule mtupu, ambao kwa maoni yangu katazo la kufungua halikuuhusu. Niliutoa kwenye nguzo na kuuviringisha mpaka kijitoni. Nilipoondoa kile kibao cha mviringo nilishtuka. Ndani palikuwa peusi, kuta zimepakwa kitu cha kahawia kinachonata, chenye harufu ya moshi, ya majani fulani na ya asali ya zamani. Nikawaza: kumbe ndiyo maana hawaji! Nani angekaa humu? Nilichukua nusu kipande cha sabuni na brosi ya kufulia, nikasugua siku mbili, mkono mzima ndani ya gogo mpaka begani, vidole vikachubuka. Maji yalitoka ya kahawia, kisha ya manjano, mwisho yakatoka meupe.

Nilikuwa katikati ya kazi hiyo alipopita Baba Asumani, jirani yetu, panga kwapani. Alikuwa na mizinga mitano juu ya miti yake na alijulikana kwa mzaha. Akasimama, akalitazama gogo lililolala majini, akanitazama mimi nilivyolipakaza povu.

“Feza, unaosha maiti?”

“Apana, Baba. Naosha muzinga.”

“Juu ya nini?” akataka kujua sababu.

“Nyuki hazipendi pachafu.”

Alicheka mpaka akakaa chini. “Wallahi! Basi zitafutie na taulo. Na kitanda je, utatandika?” Alipoinuka kwenda zake bado alikuwa anafuta machozi. “Kuanzia leo wewe ni Mama Sabuni.” Na kweli jina hilo lilikaa. Kila alipopita uani kwetu aliita kwa sauti ya mtu anayebisha hodi hospitalini: “Mama Sabuni! Wageni wako washaamka?”

Kwa miaka mingi hasira yangu kubwa ilikuwa juu ya kicheko kile. Alijua, na angeweza kuniambia kwa maneno mawili tu. Lakini kwetu, kile mtu anachokipaka ndani ya mzinga wake ni siri yake. Kila mfugaji ana mchanganyiko wake wa nta na majani, aliopewa na baba yake, naye haupaki mbele ya watu. Kumuuliza mwenzako anapaka nini ni sawa na kumwambia unataka nyuki wake. Kile kitu cha kahawia nilichokiona uchafu kilikuwa siri ya Papa, naye hakuwa amenipa mimi, msichana, hata harufu yake tu. Baba Asumani angenieleza vipi bila kufungua mdomo juu ya siri ya mwanamume mwingine, au juu ya yake mwenyewe? Akachagua kucheka. Nimejaribu kumwelewa. Siku nyingine naweza, siku nyingine siwezi.

Mzinga ulikauka, nikaurudisha juu ya nguzo zake, mweupe kati ya wenzake weusi. Nikangoja. Nyuki mmoja mmoja walikuja, wakazunguka mlango, wakaingia, wakatoka. Kila mmoja alitoka. Nilikuwa nasimama pembeni nikisema kwa moyo, kaa, kaa, kaa. Siku moja walikuja kama ishirini kwa pamoja, nikakimbia kumwita Mama. Tuliporudi palikuwa na mjusi tu, amejianika juu ya gogo.

Nilipoona hawaingii, sikufikiri kwamba nimekosea. Nilifikiri sijaosha vya kutosha. Huo ndio ugonjwa wangu mpaka leo: jambo likienda vibaya naongeza lile lile lililoliharibu.

Nikaigeukia mizinga mitatu yenye nyuki. Kuifungua nilikuwa nimekatazwa, kwa hiyo nilisafisha nje tu. Kwenye milango yao nilikuta gundi nyeusi, ngumu, waliyojenga kuzunguka tundu. Nikaikwangua kwa kijiko. Kesho yake walikuwa wameirudisha. Nikaikwangua tena, nikapangusa mlango kwa kitambaa chenye povu. Wakairudisha. Asubuhi kabla ya masomo nakwangua, wao mchana wanapaka, jioni nakwangua. Nililia kwa hasira. Nilikuwa natafuta kuwasaidia, nao wananirudisha nyuma kila siku, kama watoto wadogo unaowapangusa kamasi na kamasi inashuka tena. Nikawaita wachafu, kwa sauti, nikiwa nimesimama mahali ambapo Papa alinikataza kusimama.

Jumapili moja niliamua kwamba labda mchafu ni mimi. Nilioga kwa sabuni ya Mama ya harufu, ile aliyoiweka kwa ajili ya sikukuu, nikavaa gauni la kanisani, nikapaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, nikaenda kuwasalimu. Walinijia usoni kabla sijasema neno. Nilikimbia nikipiga kelele kupita katikati ya watu waliokuwa wakitoka ibadani, gauni juu ya kichwa. Jicho la kulia lilifungana kabisa siku tatu. Mama alinitoa miiba kwa ukucha, mmoja mmoja, akinung'unika kwa Kibangubangu, lugha aliyoitumia akiwa amechoka nasi.

“Kwani hawa nyuki ni wa mwalimu wako?” akaniuliza mwishowe kwa Kiswahili. “Wanakupa pointi?”

Sikumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba mizinga ikijaa Papa atakaa, kwamba nalijua agano lao, kwamba nafanya kazi kwa ajili yetu sote. Lakini ningelazimika kukiri kuwa nilisikiliza nyuma ya mlango.

Mzinga wa kwanza ulihama mchana, wakati wa mvua nyingi, kwenye saa chache za jua. Nilikuwa nakata majani. Mvumo ulibadilika, ukawa mkali, kisha wakaanza kumiminika mlangoni kama maharage yanayotoka guniani, wakapanda, wakawa wingu lililojizungusha juu ya muhogo. Nilijua watu huwarushia nyuki udongo ili watue, kwa hiyo nilirusha udongo, nikarusha majani, mwisho nikarusha kiatu. Wingu likasogea kuelekea msituni, bila haraka yoyote. Nilifuata mpaka mwisho wa shamba, nikaanguka kwenye shimo la muhogo, na nilipoinuka hawakuwapo. Mzinga ulikuwa bado na joto nilipobandika sikio. Ndani palikuwa kimya.

Unaweza kudhani hapo niliacha sabuni. Niliongeza.

Simu ilishika rezo, yaani mtandao, juu ya kilima nyuma ya kanisa tu, na kila Jumapili mchana tulipanda na Mama kungoja Papa apige. Siku ile alipopiga, Mama alizungumza naye, kisha akanipa simu. Sauti yake ilikuwa mbali, na nyuma yake nyundo zilikuwa zinagonga mawe.

“Feza! Nyuki zangu iko?”

Hakuniuliza jicho langu, wala masomo. Moyo wangu uliruka kwa furaha na kwa hofu kwa pamoja. Anauliza nyuki kwanza, kwa hiyo anahesabu. Kwa hiyo lile neno ni kweli.

“Iko, Papa.”

“Mingi?”

“Mingi sana. Hata ule wa ine umejaa.”

Mama alikuwa ananitazama. Alijua mzinga wa nne mweupe ulikuwa nyumba ya mjusi, na alijua wa kwanza ulikuwa mtupu. Alichukua simu mkononi mwangu, akaiangalia, akasema tu kwamba chaji inaisha. Tukashuka kilima. Njiani nilikuwa nangoja kofi, na kofi halikuja, na hilo lilinitia hofu kuliko kofi.

Wa pili ulihama majuma mawili baadaye, wa tatu sikuuona hata ukienda. Nilirudi masomoni nikakuta mlango umenyamaza, na ile gundi niliyokuwa nimeikwangua asubuhi haikuwa imerudishwa. Kwa mara ya kwanza mlango ulibaki safi. Nilikaa chini mbele yake, mahali palipokatazwa, na hakuna aliyekuja kunifukuza.

Papa alirudi kiangazi, majani yakiwa yameanza kuungua kwenye vilima. Alirudi na redio mpya na kitambaa cha Mama, na watu wakajaa uani. Baba Asumani alikuja pia. Nilimtazama mdomoni muda wote, nikiomba asiniite lile jina. Hakuniita. Alisema tu, “Rafiki yangu, mutoto wako ni mutu wa kazi,” akacheka peke yake.

Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kukiri. Nilikuwa nimeyakariri kama shairi la darasani, na mikono nitakavyoiweka. Siku ya kwanza Papa hakwenda nyuma ya nyumba. Siku ya pili alikwenda, kwa sababu choo kilikuwa upande ule. Nilimfuata kwa mbali. Alipopita kwenye mizinga aliugonga mmoja kwa kidole kilichokunjwa, kama unavyogonga mlango wa mtu usiyemtazamia. Akasikiliza.

“Zilihama,” akasema.

Alisema kama mtu anayesema mvua imekatika. Maneno yangu yote yaliyopangwa yakapotea. Nikajibu, “Ndiyo, Papa. Zilihama.” Akaendelea kwenda chooni.

Siku ya tatu pikipiki ilikuwa barabarani tena. Mama alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani. Papa akasema, “Unaona mwenyewe, Mama Feza. Hapa hakuna kitu cha kumukalisha mutu.” Mama akamjibu kwa Kibangubangu neno moja ambalo sijamsikia akilitumia tena, si kwa mtu wala kwa mbwa. Papa akapanda. Mimi nilikuwa nyuma ya mizinga na sikutoka kumuaga. Nilikuwa nimesikia hukumu yangu: hakuna kitu cha kumkalisha, na aliyekiondoa ni mimi, kwa brosi.

Alirudi mara mbili baada ya hapo, kila mara kwa muda mfupi zaidi. Kisha akawa na nyumba kule. Sisi tukahamia Kasongo kwa mjomba. Nilikua na jambo hilo tumboni. Niliwahi kulia katikati ya harusi ya rafiki yangu, baba yake alipokuwa akicheza, na watu wakadhani ni furaha.

Nilipoanza kufuga mwenyewe, nilitaka kupata jibu moja tu. Nikajifunza kwamba gundi ile ni dawa yao na mlango wao, na kwamba harufu ya nta ya zamani ndiyo inayowaita. Hapo nikajihukumu upya, sasa kwa ushahidi. Lakini nikajifunza pia kwamba nyuki wa kwetu huhama wenyewe mvua zikizidi na maua yakiisha, hata kama hakuna aliyewagusa. Nilifanya jaribio: sanduku moja nimeliosha kwa sabuni, lingine nimelipaka nta. La nta lilipata nyuki, la sabuni likakaa tupu. Nikarudia, yote mawili yakakaa matupu. Nikarudia tena, wakaingia lile la sabuni! Niliitupa kalamu ukutani. Daftari limejaa na jibu halimo.

Basi juma lililopita, kijana yule alipoondoka na sanduku lake, Mama aliniketisha.

“Ule mutoto amekukosea nini?”

Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza, mimi mwenye umri huu, nilimwambia mama yangu kwamba nilisikiliza nyuma ya mlango wa jiko, kwamba nililijua agano la mizinga minne, na kwamba ni mimi niliyelivunja. Aliniacha nimalize. Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi kwenye kitenge chake.

“Begi,” akasema.

“Begi gani?”

“Begi ya papa yako. Zile siku tatu hakuifungua. Nilimutolea nguo zake za hapa, akavaa zile. Begi ilikaa nyuma ya mulango, imefungwa vile ilikuja. Hata mbele hajagonga ule muzinga, alishakwenda.” Akanitazama kama anayetazama mtu mgeni. “Na Asumani, mizinga yake mbili ilikuwa tupu mwaka ule. Hakukuambia?”

“Hakuniambia. Na wewe, Mama? Juu ya nini hukuniambia?”

“Uliniuliza?”

Nilitarajia kusikia wepesi. Wanasema mtu husikia wepesi. Nilisikia hasira, mpya kabisa, isiyojua iende kwa nani. Kwake, kwa kuninyamazia miaka yote. Kwa Baba Asumani na kicheko chake, ambaye mizinga yake mwenyewe miwili ilikuwa mitupu. Kwangu, kwa kuwa hata sasa sijui kama ilikuwa sabuni au mvua, na hata nikijua haitabadili kitu, na bado nataka kujua.

Nikaamua kumpigia Papa. Hatuzungumzi mara nyingi, labda kwenye sikukuu. Ili nisikosee niliandika maneno yangu kwenye karatasi, sentensi moja kila mstari, nikayanakili mara ya pili kwa mwandiko mzuri. Nilipiga asubuhi, kabla kazi haijamchanganya. Alipokea haraka. Nyundo zilikuwa zimeshaanza.

“Feza! Feza yangu! Mama yako eko?”

“Eko muzuri, Papa. Niko na neno ya kukuambia.” Nikashika karatasi kwa mikono miwili, simu begani. “Papa, kuna jambo kuhusu mizinga yako ambalo sijawahi kukuambia. Ulipokuwa mgodini niliiosha kwa sabuni, na nyuki wakahama.”

Nyundo ziligonga, nikazihesabu mpaka saba.

“Mizinga gani?”

“Yako, Papa. Ile mine. Nyuma ya nyumba, juu ya nguzo.”

“Nyuma ya nyumba...” Alikuwa anatafuta kweli, nilimsikia anatafuta. “Aa! Ile magogo! Na ile ilikuwa bado na nyuki? Mimi nilizania ilishaoza.” Kisha akacheka, kicheko kizuri, cha mtu asiye na deni na mtu. “Uliiosha? Na sabuni? Ee, Feza. Ulikuwa mutoto wa kazi, weye.”

Mtu alimwita. Akamjibu anakuja. “Salimia mama yako sana,” akaniambia. “Tutaongea tena, unasikia?”

Simu ikakatika. Karatasi ilikuwa na mistari kumi na minne, yote imenyooka. Nilikuwa nimefika wa pili.